Pai inatoka wapi? Nimeipima kwa gurudumu, sinia na kikombe cha kahawa

FundiNgamiani

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi baiskeli hapa Tanga, mwaka wa kumi na tisa huu nipo kijiweni. Shule niliishia darasa la saba. Naleta jambo ambalo limenikosesha usingizi wiki mbili sasa, na nataka tulijadili kwa utulivu.

Mteja aliniletea kisaa cha mwendo, vile vidogo vinavyofungwa kwenye usukani. Kinafanya kazi hivi: unafunga sumaku kwenye spoki, na kwenye foki ya mbele unafunga kidude cha kuinusa ile sumaku. Kila ikipita, kisaa kinahesabu mzunguko mmoja. Umbali chenyewe hakiujui. Kinachojua ni kwamba gurudumu limezunguka mara ngapi, basi. Urefu wa mzunguko mmoja unakiwekea wewe fundi, kwa milimita. Mimi nikaweka 2075, ambayo ni ya gurudumu la inchi 26, kumbe baiskeli yake ni inchi 28. Akaenda Pangani, tuseme kilomita 50, kisaa kikamwandikia 46 na kidogo. Alirudi amekasirika na alikuwa na haki.

Nikaamua kupima mwenyewe. Nilitia alama ya chaki kwenye tairi pale linapogusa sakafu, nikaisukuma baiskeli kwa mstari ulionyooka hadi chaki ikagusa chini mara kumi. Futikamba ikasoma mita 22 na sentimita 30. Kwa hiyo mzunguko mmoja ni sentimita 223. Kisha nikapima tairi kutoka ukingo hadi ukingo kupitia katikati, nikapata sentimita 71. Hapo ndipo nilipokumbuka ubao wa darasani. Nikagawa 223 kwa 71. Ikaja 3.14.

Sasa hii 3.14, ile tuliyoiita pai, nilikuwa naijua tangu utoto, lakini kama namba aliyoiandika mwalimu tukainakili. Sikuwahi kujua kwamba imelala ndani ya tairi ninalolishika kila siku.

Nikaenda nyumbani, nikaanza kupima vitu. Sinia: kipenyo, yaani ukingo hadi ukingo kupitia katikati, sentimita 45.5; mzingo, yaani kuizunguka, 143. Ukigawa unapata 3.14. Kikombe cha kahawa, kile kisicho na mkono: kipenyo 6.2, mzingo 19.5. Inakuja 3.145. Kawa ya kufunikia chakula ikanipa 3.12, ila kawa ile imebonyea upande mmoja, sio duara kamili. Vitu havifanani kwa ukubwa, kwa kazi wala kwa umri, na vyote vinazunguka pale pale, tatu na kidogo.

Swali langu: kwa nini? Kwa nini sinia na kikombe vikubaliane?

Kaole1

Mkuu, nipo Bagamoyo. Nimesoma uzi wako nikanyanyuka hapo hapo. Nimechukua kikombe cha chuma, kipenyo sentimita 8 juu ya alama. Nimekizungushia kamba ya katani, ile ya kufungia mizigo, nikakata pale ncha zinapokutana, nikainyoosha kwenye rula. Sentimita 26.7. Ukigawa kwa 8 unapata 3.34. Nimerudia mara tatu, jibu ni hilo hilo. Sasa pai ya Bagamoyo ni nyingine au kuna kitu hamtuambii?

BiKofia

Nimesoma na nimetabasamu. Mimi nashona kofia, kazi niliyofundishwa na marehemu mama yangu. Kofia ina vipande viwili: ukuta unaozunguka kichwa na duara la juu. Mteja akija napima kichwa chake kwa utepe. Akiwa na inchi 22, duara la juu linatakiwa liwe na inchi 7 baada ya kushonwa. Nakata saba na nusu, robo inchi kila upande inaingia kwenye mshono. Mama hakuwahi kunitajia pai. Alisema tu: ishirini na mbili kwa saba. Na akasema kichwa kikiongezeka inchi moja, duara la juu liongeze theluthi ya inchi, pungufu kidogo, na hilo halibadiliki awe mtoto au mtu mzima.

FundiNgamiani

Shikamoo Bi Kofia. Ishirini na mbili kwa saba ndiyo hiyo hiyo ya darasani! Sikujua kwamba kuna mtu anaivaa kichwani.

Kaole1, nina swali kabla hatujaenda mbali. Hiyo kamba ina unene gani?

Kaole1

Ya kawaida tu. Ngoja nipime. Nusu sentimita hivi.

ChakiNyeupe

Fundi umeuliza swali lenyewe. Mimi nafundisha hisabati sekondari, naomba nimalizie.

Kaole1, kamba yako inapozunguka kikombe, upande wa ndani unabana na upande wa nje unavutika. Ukiinyoosha, urefu unaoupata ni wa katikati ya kamba, si wa ukuta wa kikombe. Katikati ya kamba ipo robo sentimita nje ya kikombe, kulia na kushoto. Kwa hiyo duara ulilopima halina kipenyo cha 8, lina 8.5. Zidisha 8.5 kwa 3.1416 upate 26.7. Umepima vizuri kabisa, ila umepima duara la kamba ukagawa kwa kipenyo cha kikombe. Chukua uzi wa cherehani, au karatasi nyembamba, urudie.

Nawaambia ukweli, nimefundisha mada hii miaka mingi na sijawahi kupata mfano mzuri kama huu. Mwanafunzi akipata 3.34 tunamwambia amekosea, tunapita. Hatumuulizi kamba ilikuwa nene kiasi gani.

Sasa swali la Fundi. Kwa nini sinia na kikombe vikubaliane? Kwa sababu maduara yote yana umbo moja. Chukua mstatili: kuna mwembamba kama rula, kuna mnene kama kitabu, uwiano wa pande zake unabadilika. Duara halina mwembamba na mnene. Lina kubwa na dogo tu. Sinia ni kikombe kilichokuzwa, kama picha ya pasipoti inavyokuzwa ikatundikwa ukutani: pua ikizidi mara tano, uso mzima unazidi mara tano. Kipenyo kikizidi mara saba, mzingo nao hauna njia ila uzidi mara saba. Ukigawa mmoja kwa mwingine, zile saba zinafutana, unabaki na kilekile ulichoanza nacho.

Hilo linaeleza kwa nini namba ni moja. Kwa nini ni tatu na kidogo, na si mbili au tano, hilo ni jambo jingine. Chora duara kwa bikari. Usiibane wala kuipanua, weka ncha kwenye ukingo, pima hatua kuzunguka. Zitaenea hatua sita kamili, urudi ulipoanzia. Unganisha alama hizo kwa rula, umepata pembesita ndani ya duara. Kila upande wake ni sawa na nusu kipenyo, na zipo sita, kwa hiyo kuizunguka ni vipenyo vitatu kamili. Duara linapita nje ya pembesita, kwa hivyo lazima lizidi tatu. Sasa lifungie duara ndani ya mraba. Kila upande wa mraba ni kipenyo kimoja, zipo nne, na duara lipo ndani yake. Basi ni pungufu ya nne. Bila kupima chochote, umejua pai ipo kati ya tatu na nne.

FundiNgamiani

Mwalimu nimefanya hiyo ya bikari sasa hivi nyuma ya risiti. Hatua sita zimeenea kama ulivyosema. Nimemwita mke wangu aje aone.

Kaole1

Nimeelewa ya kamba, nitarudia. Lakini mwalimu, tulikuwa tunabishana sana shuleni: pai ni 22/7 au ni 3.14? Wengine walisema 22/7 ndiyo halisi na 3.14 ni ya kukadiria.

ChakiNyeupe

Zote mbili si yenyewe. Pai inaanza 3.14159265 na inaendelea. Ukigawa 22 kwa 7 unapata 3.142857, kisha 142857 inajirudia bila kikomo. Angalia, zimeachana kwenye desimali ya tatu tu. 22/7 imezidi kidogo, 3.14 imepungua kidogo. Ila 22/7 ipo karibu zaidi, kinyume na wengi wanavyodhani. Kwenye safari ya kilomita 10, ukitumia 22/7 utazidisha kama mita 4, na ukitumia 3.14 utapunguza kama mita 5. Kwa hiyo mteja wa Fundi kwenda Pangani angezidishiwa mita 20 hivi. Makosa ya tairi kubonyea ni makubwa kuliko hayo.

Mnajua 22/7 ilikotoka? Archimedes wa Sirakusa, aliyeuawa mwaka 212 KK, alianza na pembesita ile ile niliyowaambia. Kisha akaongeza pande mara mbili kila hatua: 12, 24, 48, mpaka 96, ndani ya duara na nje yake. Ya ndani inapanda: pembesita inakupa 3, ya pande 12 inakupa 3.106, ya 24 inakupa 3.133, ya 48 inakupa 3.139. Alipofika 96 akasema pai imezidi 3 na 10/71, na imepungua 3 na 1/7. Hiyo 3 na 1/7 ndiyo 22/7. Yeye aliiweka kama ua wa juu: pai haivuki hapa. Hakusema pai ndiyo hiyo. Sisi ndio tuliogeuza ua kuwa nyumba.

Na lawama nyingine ni yetu walimu. Maswali ya darasa la saba yanapenda kipenyo kiwe 7, 14, 21 au 28 ili mtoto akate na ile saba ya chini. Mtoto anamaliza shule akidhani pai ni mbinu ya kukatia namba. Umpe kipenyo cha 71 kama cha Fundi, anaduwaa.

Makorora_21

Nimepita tu. Ila kikokotoo kina kitufe cha pai, simu ina pai. Ya nini kuchosha watu na kamba na vikombe?

FundiNgamiani

Ndugu yangu, kikokotoo ninacho. Mwaka wote huu ninacho. Na bado niliweka 2075 kwenye gurudumu la 28, kwa sababu sikuwa na picha kichwani ya nini kinatokea. Ningekuwa nayo, ningejua kwamba inchi mbili za kipenyo ni zaidi ya inchi sita za barabara kila mzunguko, karibu sentimita 16. Namba ya 2075 ingenishtua kabla mteja hajatoka kijiweni. Kitufe hakikwambii umekosea.

Mtiki

Naunga mkono Fundi. Nafanya kazi za misitu upande wa Muheza. Tunapima miti kwa kipenyo chake katika kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Huwezi kupitisha rula katikati ya mti uliosimama, sivyo? Basi tuna utepe maalumu. Unauzungusha kwenye shina, unasoma kipenyo moja kwa moja. Siri yake ni michoro: alama ya sentimita 1 kwenye utepe ule ipo kila baada ya sentimita 3.14 za kawaida. Kugawa kumeshafanywa na aliyechora utepe. Nilikuwa nautumia miaka miwili kabla sijajiuliza kwa nini sentimita zake ni ndefu. Nilidhani umevutika.

Na lile la Kaole1 tunalo pia. Ukipitisha utepe juu ya mtambaa uliong'ang'ania shina, mti unanenepa kwenye karatasi tu.

UstadhiMakorora

Assalaam alaykum. Mwalimu amemtaja Archimedes, nami niongeze mwingine. Mwaka 1424, huko Samarkand, Jamshid al-Kashi alitumia njia hiyo hiyo ya pande nyingi, lakini hakuishia 96. Alifika pande 805,306,368. Ni tatu iliyozidishwa kwa mbili mara ishirini na nane. Akapata pai sahihi mpaka desimali ya 16, kwa mkono, bila kikokotoo. Na alikuwa na sababu: alitaka mzingo wa ulimwengu wote, kwa makadirio yake ya ukubwa wa ulimwengu, usikosewe hata kwa unene wa unywele wa farasi. Kwanza aliamua kosa linaloruhusiwa, kisha ndipo akapanga hesabu ifike wapi. Huwa nawaambia vijana wangu mpangilio huo ndio wa kuiga.

Na kwa Wachina, karne ya tano, Zu Chongzhi alikuwa na 355/113. Jaribuni kuigawa.

Kaole1

3.1415929. Subhanallah. Hiyo mbona hatufundishwi? Na ni rahisi kukumbuka: 113355, unaikata katikati.

Sasa mwalimu, kama ile ipo karibu hivyo, hakuna sehemu nyingine ambayo ni yenyewe kabisa?

ChakiNyeupe

Hakuna. Johann Lambert alithibitisha mwaka 1761 kwamba hakuna namba nzima mbili ambazo ukizigawa unapata pai. Si kwamba hatujazitafuta vya kutosha, hazipo. Herufi yake ilikuwa imeshaipata kabla ya uthibitisho huo. William Jones, mtu wa Wales, aliitumia herufi π ya Kigiriki mwaka 1706, na Leonhard Euler akaieneza.

Lakini nataka kurudi kwa Bi Kofia, maana alisema jambo kubwa tukalipita. Kichwa kikiongezeka inchi moja, duara linaongezeka theluthi pungufu kidogo, awe mtoto au mtu mzima. Sasa wote fikirieni hili kabla hamjajibu.

Tuchukue kamba ya katani, tuizungushe dunia nzima kwenye Ikweta, ibane ardhi. Itakuwa na urefu wa kilomita 40,075. Sasa tuunge mita moja tu. Kisha tuinue kamba yote sawasawa, pande zote, ielee. Itainuka kiasi gani? Unywele? Karatasi? Paka anaweza kupita chini yake?

Makorora_21

Mita moja katika kilomita elfu arobaini? Haionekani hata kwa darubini.

Mtiki

Nami nasema unywele.

BiKofia

Paka anapita.

ChakiNyeupe

Bi Kofia, waeleze.

BiKofia

Sina elimu ya Ikweta mwalimu. Nimefanya kama kofia. Utepe umeongezeka mita moja, kwa hiyo kipenyo kinaongezeka theluthi ya mita pungufu kidogo, kama sentimita 32. Hizo zinagawanyika pande mbili, hivyo ni 16 upande huu na 16 upande ule. Sijauliza kichwa kina ukubwa gani kwa sababu mama alisema hakihusiki.

ChakiNyeupe

Sentimita 15.9. Hakuna la kuongeza.

Makorora_21

Siwezi kukubali. Dunia ni kubwa mno. Ile mita moja inasambaa kilomita elfu arobaini.

FundiNgamiani

Makorora, hata mimi sikukubali. Nimelala nalo usiku kucha. Kwa hiyo leo asubuhi maji yalipokupwa nilishuka Raskazone na wanangu wawili, tuna kijiti, futikamba na kamba nyembamba.

Tulichomeka kijiti mchangani, tukachora duara la nusu kipenyo cha mita 1. Kisha kwa kijiti hicho hicho tukachora la pili, nusu kipenyo mita 1 na sentimita 16. Kati ya mistari miwili ipo njia ya sentimita 16 kuzunguka. Tukalaza futikamba juu ya mistari, mtoto mmoja akishikilia kila hatua. La ndani mita 6.3. La nje mita 7.3. Tofauti mita moja.

Tukahama. Duara la mita 5, na nje yake la mita 5 na sentimita 16. Hapa ilikuwa kazi, tulipima vipande vipande. La ndani mita 31.5, la nje mita 32.5. Tofauti mita moja tena. Njia ni ile ile ya sentimita 16. Binti yangu ndiye aliyesema: baba, duara limekuwa kubwa lakini nafasi haijali.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu lilipo. Nilikuwa nafikiria mita moja inagawanywa kwa dunia nzima, kama mkate mmoja kwa watu wengi. Kumbe dunia ilikwishapata kamba yake, kilomita zake zote 40,075, haidai zaidi. Ile mita moja haina kazi nyingine isipokuwa kuinua. Inainua kikombe sentimita 16, inainua kibanda changu sentimita 16, inainua dunia sentimita 16.

Tulianza la mita 10 lakini maji yakaanza kujaa, yakaja yakafuta upande mmoja tukaacha.

Na yule mteja: nilimwita nikapima upya akiwa amekaa juu ya baiskeli, maana tairi linabonyea kidogo mtu akipanda. Nikaweka 2210. Amekwenda Pangani tena jana. Kisaa kimemwandikia 49.8.

Makorora_21

Fundi, nakushukuru kwa kushuka mchangani kwa ajili ya hoja yangu. Nimekubali. Paka anapita.

Kaole1

Nimerudi wakuu. Kikombe kile kile, uzi wa cherehani. Sentimita 25.2. Nimegawa kwa 8, 3.15.

Mwalimu, ile 0.01 iliyozidi ni unene wa uzi au ni macho yangu?

ChakiNyeupe

Kosa la milimita moja kwenye kipenyo linatosha kuleta zaidi ya hiyo. Kipenyo ulikipataje?

Kaole1

Niliweka rula juu ya mdomo wa kikombe nikakisia katikati.

FundiNgamiani

Usikisie. Simamisha vitabu viwili vigumu, kimoja kila upande, vibane kikombe, hakikisha vimesimama sambamba. Kisha toa kikombe upime nafasi iliyobaki kati yake. Ndivyo nilivyofanya kwa cha kahawa.

Kaole1

Sawa. Nafanya kesho. Na mita 10 zenu zilizoliwa na maji nitazichora mimi huku Bagamoyo, ufukwe wetu ni mpana maji yakitoka. Ustadhi, Bi Kofia, mwalimu, mwenye kamba ndefu na nyembamba anisaidie. Hii ya katani naiacha nyumbani.